Mafunzo ya kumhudumia aliye sakaratini, Lamu: siku mbili nzuri sana, na siku ya tatu iliyosahau bahari

Ambulensi ikiitwa kwa mtu aliyeanguka ghafla sokoni, mhudumu anajua mikono yake iende wapi. Ikiitwa kwa bibi mwenye saratani ya mlango wa kizazi, aliyeacha kula tangu juzi, sasa anakoroma ghorofani na watoto wake wamemzunguka, mikono ile ile hukosa kazi. Hapo ndipo makosa huanza. Anabonyezwa kifua asiyestahili kubonyezwa, anatiwa mrija puani bila sababu, anateremshwa ngazi akilia kwa maumivu ili akafie juu ya mkokoteni kabla ya kufika gatini. Mafunzo haya ya siku tatu, yanayofanyika Amu, yaani Lamu mjini, kwa wahudumu wa ambulensi za nchi kavu na za majini, yametungwa kwa ajili ya wito huo wa pili.

Sisi tunaoandika tunafanya kazi ya dharura na ya tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na tumeyapima kwa swali moja: je, mtu akitoka hapa, akabisha hodi Siyu, kisiwani Pate, saa nane za usiku, atajua la kufanya? Kwa siku mbili za kwanza jibu ni ndiyo. Siku ya tatu, inayohusu kumsafirisha mgonjwa, imeandikwa kwa mji wenye barabara na hospitali iliyo nusu saa tu, na huku kwetu sivyo.

Darasa lina watu 16 na wakufunzi watatu. Idadi hiyo ni sahihi, na tunaomba isiongezwe hata maombi yakizidi, kwa sababu mazoezi yote hufanywa kwa makundi ya watu wanne: mmoja mhudumu, mmoja mwenzake, mmoja ndugu wa mgonjwa, mmoja mtazamaji mwenye orodha mkononi. Likizidi hapo, mtazamaji anageuka mgeni wa kukaa tu.

Kutambua

Somo la kwanza ni kutambua kwamba mtu anakaribia mwisho, nalo limepewa saa tatu. Ni haki yake. Mgonjwa huacha kumeza. Mikono na miguu hupoa. Magotini na nyayoni hutokea madoa ya zambarau. Mkojo hupungua na rangi yake huiva. Pumzi hupanda, hushuka, halafu husimama kwa sekunde kumi, ishirini, hata zaidi, kisha hurudi. Taya hucheza kwa kila pumzi. Mshipa wa kifundo cha mkono haupatikani tena. Wakufunzi wanasisitiza kwamba dalili moja haitoshi, na kwamba hata dalili zote bila historia ya maradhi hazitoshi. Swali la kwanza kwa familia si "ameanza lini kukoroma?" bali "wiki iliyopita alikuwa akiweza nini?" Mzee aliyekwenda msikitini kwa miguu yake juzi, na leo hajitambui, ana jambo lililompata, na huenda jambo hilo linatibika.

Ndiyo maana kabla ya mtu kuruhusiwa kusema "huyu yuko sakaratini" anatakiwa amalize vipimo vinne, na hii ndiyo sehemu tuliyoipenda kuliko zote za siku ya kwanza. Sukari ya damu kwanza, kwa tone la kidoleni. Pili, joto la mwili na kipimo cha haraka cha malaria. Tatu, tumbo la chini: likiwa gumu na limevimba chini ya kitovu, na mgonjwa anahangaika kitandani bila kutulia, mara nyingi ni mkojo uliozuilika, na katheta moja, mrija wa kutoa mkojo, humtuliza kuliko sindano yoyote ya usingizi. Nne, dawa alizokunywa. Mgonjwa anayepumua chini ya mara 8 kwa dakika, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, na haamki akitikiswa, pengine amezidiwa na mofini, dawa kali ya maumivu.

Kwa huyu wa nne, mafunzo yanafundisha naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini, jinsi inavyopaswa: ampuli ya miligramu 0.4 inachanganywa na maji ya chumvi hadi ijaze mililita 10, kisha mililita 1 inasukumwa mshipani kila baada ya dakika 2 huku pumzi zikihesabiwa. Lengo ni pumzi, si macho kufunguka. Ukisukuma ampuli nzima kwa pamoja, maumivu yote yaliyokuwa yamezimwa yanarudi kwa mkupuo, na hakuna mofini utakayoweza kumpa kwa muda. Kosa hili hutendeka kwa sababu kozi za kawaida za dharura hufundisha naloksoni kwa mtu aliyetumia heroini kupita kiasi, na mhudumu hubeba kipimo kile kile hadi kwa mgonjwa wa saratani.

Jambo jingine lililofundishwa vizuri ni zile pumzi za kutweta. Mtu aliyeugua miezi sita, amefika mwisho, anatweta mara moja moja: hizo ni pumzi za kuaga. Mtu aliyeanguka ghafla, hajitambui, naye anatweta vilevile: huo ni moyo uliosimama, na kifua chake kinatakiwa kibonyezwe papo hapo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, mibonyezo 30 kwa pumzi 2. Sauti ni moja, kazi mbili tofauti kabisa. Wakufunzi walicheza sauti ile ile mara mbili mbele ya darasa, kila mara na historia yake, na kila kundi likatakiwa kuamua ndani ya sekunde 15. Zoezi hili lichukuliwe na kila anayefundisha huduma ya dharura, hata asiyegusa tiba shufaa.

Sanduku la dawa

Hapa ndipo kozi inapotaja dozi bila woga. Kwa maumivu na kwa pumzi nzito, mofini ya maji: miligramu 5 kwa mdomo kila baada ya saa 4 kwa mtu ambaye hajawahi kuitumia, miligramu 2.5 kwa mzee sana, aliyekonda au mwenye figo mbovu. Asiyeweza kumeza huchomwa chini ya ngozi kwa sindano ndogo ya kipepeo iliyobandikwa begani au kifuani, na dozi huwa nusu ya ile ya mdomo. Kwa mahangaiko makali, midazolamu, dawa ya kutuliza, miligramu 2.5 hadi 5 chini ya ngozi. Kwa kichefuchefu na kuweweseka, haloperidoli, kuanzia miligramu 0.5. Kwa makohozi yanayokoroma kooni, haiosini butilibromidi miligramu 20.

Kosa linalotisha zaidi ni la chupa. Mofini ya maji huweza kutengenezwa kwa nguvu zaidi ya moja: miligramu 1 katika kila mililita, au miligramu 10 katika kila mililita. Anayepima "mililita 5" bila kusoma kibandiko anaweza kumpa mgonjwa miligramu 50 badala ya 5. Kila mshiriki alipewa chupa mbili za maji ya rangi na sirinji, akaambiwa apime miligramu 5 kutoka kila moja huku mwenzake akisoma kibandiko kwa sauti. Washiriki kadhaa walikosea mara ya kwanza. Hilo ndilo zoezi zuri: lile linalomkosesha mtu mahali ambapo hakuna wa kudhurika.

Kasoro yetu katika somo hili ni moja, lakini nzito. Mofini ni dawa inayodhibitiwa kisheria, na masanduku mengi ya ambulensi hayana hata tone. Kozi inafundisha dozi kana kwamba chupa ipo. Ingefaa saa moja itengwe kueleza njia halisi: kwamba mgonjwa wa tiba shufaa aliyeandikishwa huwa na chupa yake nyumbani, mara nyingi juu ya kabati au ndani ya sanduku la nguo, kwamba kazi ya kwanza ya mhudumu ni kuiulizia, na kwamba apige simu kwa muuguzi au daktari aliyeiandika kabla ya kuigusa, aandike saa, dozi na jina la aliyeidhinisha. Bila hayo, mtu anarudi kazini na maarifa yasiyo na mahali pa kutumika.

Pumzi, makohozi na damu

Oksijeni haimsaidii kila anayehema. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikionyesha zaidi ya asilimia 90, mara nyingi mrija wa puani humkausha tu koo na kumfunga kitandani. Kinachosaidia ni kumkalisha kwa mito, kufungua dirisha, kupunguza watu chumbani, na upepo usoni. Upepo unaopita juu ya mashavu na pua hugusa mishipa ya fahamu ya uso, na ubongo hupunguza ile hisia ya kukosa hewa. Wakufunzi walileta feni ndogo za betri. Tunashukuru, ila upepeo wa ukindu unaotundikwa ukutani katika kila nyumba ya Pwani hufanya kazi ile ile, hauishiwi na betri, na unampa mjukuu aliyesimama mlangoni kazi ya kufanya. Upeperushwe umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka usoni, polepole, upepo ukipita kutoka shavu hadi shavu.

Mkoromo wa kooni huwaumiza wanaosikia kuliko anayekoroma, maana mgonjwa wakati huo kwa kawaida hana fahamu za kuuhisi. Mlaze ubavu, inua kichwa kidogo, makohozi yateremke yenyewe. Mashine ya kufyonza haifiki yalipo. Inakwaruza koo na kutoa damu. Familia ielezwe kabla haijauliza.

Mdomo mkavu ulipewa dakika kumi tu, na tungependa ziwe thelathini, kwa sababu ndipo familia inapomdhuru mgonjwa kwa mapenzi. Anatiliwa uji kwa kijiko wakati hamezi tena, uji unaingia mapafuni. Badala yake pamba safi iliyochovywa maji na kukamuliwa, ipitishwe midomoni na ndani ya mashavu kila nusu saa, kisha midomo ipakwe mafuta. Familia ikiwa na maji ya Zamzam, yatumike hayo hayo katika pamba. Hakuna kinachopingana hapo, na mhudumu anayesema hivyo mapema huepuka kumnyang'anya binti kikombe mkononi.

Kwa damu nyingi ya ghafla, ambayo wenye saratani ya mlango wa kizazi hukumbwa nayo, kozi inatenganisha damu inayozuilika na isiyozuilika. Inayozuilika: kitambaa cha shashi kinasokotwa na kujazwa ukeni kwa uthabiti, miguu inainuliwa, asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutoka damu, gramu 1 inasukumwa mshipani polepole, kwa muda wa dakika 10. Isiyozuilika: usikimbilie dripu, usimwache mgonjwa ukatafute vifaa. Kaa naye, mshike, mpe midazolamu miligramu 5 hadi 10 ikiwa ipo, na funika damu kwa kitambaa cha rangi nzito. Mwongozo ulisema taulo nyeusi. Leso nyekundu au nyeusi ya nyumbani inatosha, na iwekwe tayari chini ya mto tangu siku muuguzi anapojua hatari hiyo ipo. Damu juu ya shuka jeupe ndiyo picha ambayo watoto hubaki nayo.

Maneno

Alasiri yote ya siku ya pili ni ya kuzungumza. Kama ungelazimika kuhudhuria nusu siku moja tu, hudhuria hii.

Msingi wake ni zile hatua sita ziitwazo SPIKES, zilizochapishwa mwaka 2000 kwa madaktari wa saratani: tayarisha mahali, uliza wanachojua, uliza wanataka kujua kiasi gani, sema, pokea majonzi yao, panga linalofuata. Hatua hizo zilitungwa kwa daktari mwenye ofisi na viti. Wakufunzi wamezipunguza zikaenea katika dakika tano za ukumbini, mlango ukiwa wazi na majirani wakichungulia. Kaeni chini, hata juu ya ngazi. Uliza nani msemaji wa familia, na usidhani ni mwanamume aliyekupokea mlangoni. Mara nyingi ni dada mkubwa aliye chumbani na mgonjwa. Wahudumu wanaume wabishe hodi, wavue viatu, wasubiri wanawake wajisitiri. Timu ikiwa na mhudumu mwanamke, yeye atangulie. Mambo haya hayachukui dakika mbili, na yakirukwa hakuna atakayesikia sentensi inayofuata.

Sentensi yenyewe ndiyo ilichukua saa nzima. Lugha yetu ina heshima nyingi mbele ya mauti, na heshima hiyo humfanya mhudumu aseme "hali si nzuri", "tumuombee", "amepumzika". Familia inayosikia "amepumzika" inauliza ataamka saa ngapi. Mbaya kuliko zote ni "tumempoteza", sentensi iliyokuja na vitabu vya kigeni. Bibi aliyekaa nje ya chumba anaweza kuuliza kwa nini mtu mgonjwa ameachwa akapotea. Kila mshiriki alitakiwa kutamka neno lenyewe, kwa sauti, akimtazama mwenzake usoni:

"Mama, nina habari nzito. Moyo wa mzee umesimama. Amefariki."

Kisha kunyamaza. Mtazamaji alikuwa na saa, na waliovumilia sekunde kumi za kimya walikuwa wachache. Wengi waliingia haraka kueleza dozi na vipimo, maelezo ambayo hakuna aliyeyataka wakati huo. "Kufa" ni neno kali kwa binadamu, na hakuna aliyelazimishwa kulitumia. "Amefariki" lina adabu na halina njia ya pili ya kufahamika. Baada yake, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" isemwe na anayeiamini. Asiyeiamini akae kimya kwa staha. Familia huijua tofauti.

Kwa aliye hai bado, kazi ni ngumu zaidi, na zoezi lilikuwa zuri zaidi. Mwana anauliza, "Twende hospitali au tubaki?" Jibu lililofundishwa: "Ndugu yangu, naona mama yuko karibu na mwisho wake. Hospitali inaweza kumpa dawa ya maumivu, na sisi hapa tunaweza kumpa hiyo hiyo. Haiwezi kuurudisha ugonjwa nyuma. Yeye mwenyewe aliwahi kusema anataka awe wapi?" Swali la mwisho ndilo kiini cha yote, kwa kuwa linawaondolea watoto mzigo wa kuonekana wamemwacha mama. Kisha kuna hofu ya sindano. Mofini ikitolewa na mgonjwa akafariki saa moja baadaye, mtu atasema sindano ndiyo iliyommaliza. Iambiwe familia kabla ya kuchomwa: "Hii ni ya maumivu na pumzi nzito. Kinachomchukua ni maradhi. Akifariki baada ya dawa hii, asije mtu akajilaumu kwa kukubali."

Mafunzo yametenga nafasi ya dini bila kuifanya mapambo. Mgonjwa Mwislamu hugeuzwa kibla, alale ubavu wa kulia ikiwezekana, na mtu wa karibu humlakinia shahada kwa sauti ya chini bila kumshurutisha. Kutoka Lamu kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, basi mhudumu aingiapo chumbani atazame kwanza kitanda kimelala vipi na dripu itundikwe upande gani, asije akalazimika kumgeuza mgonjwa mara mbili. Ubavu ule ule, kwa bahati njema, ndio unaopunguza mkoromo. Yasini ikisomwa, pima mapigo ya moyo kimya kimya. Hakuna sababu ya kumkatiza msomaji. Mpeketoni, ambako wengi ni Wakristo, uliza kama wanataka mchungaji au padri aitwe, na uulize mapema, maana yeye pia ana safari.

Mapungufu ya siku hii: picha za ukutani na karatasi zote ni za Kiingereza, mazoezi ni ya Kiswahili. Matokeo yake washiriki walitafsiri papo hapo, na ndivyo "tumempoteza" ilivyoingia. Karatasi ziandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Baada ya roho kutoka

Somo fupi, safi. Sikiliza moyo na pumzi kwa dakika 5 kamili ukitazama saa, angalia mboni kwa tochi, andika muda. Funga macho, funga taya kwa bandeji pana, nyoosha viungo kabla havijakakamaa, funika. Kifo cha ghafla au chenye shaka: usisogeze mwili, ita polisi. Kifo kilichotarajiwa nyumbani: naibu chifu ndiye mlango wa usajili na kibali cha mazishi. Kozi ilisema "familia itafuatilia", ikaishia hapo. Haitoshi. Watu huku huzikwa siku ile ile, aghalabu baada ya sala inayofuata, na karatasi iliyochelewa humfanya mtoto wa marehemu akimbie ofisini wakati wenzake wanaosha maiti. Mhudumu aache maandishi yenye jina, muda, maradhi yaliyojulikana na namba ya kituo chake, aondokapo.

Siku ya tatu

Asubuhi ilikuwa ya sheria, na hapa tunatofautiana na mkufunzi waziwazi. Alisoma Ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya ya 2010, kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, akahitimisha kuwa kila mgonjwa lazima apakiwe. Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza matibabu ya dharura kuwa ni ya kuzuia kifo au kuzuia hali kuwa mbaya zaidi, na sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 5, inaitaja tiba shufaa miongoni mwa huduma ambazo kila mtu ana haki nazo. Anayempa mgonjwa mofini, akamlaza vizuri na kubaki naye amemhudumia. Hajamnyima kitu. Washiriki waliondoka wakiogopa kumwacha mtu nyumbani hata kwa ridhaa yake, na hofu hiyo itarudisha ile safari ya mkokoteni tuliyoanza nayo. Kinachohitajika ni fomu ya kituo: uamuzi wa daktari, ridhaa ya mgonjwa au familia, sahihi, na namba ya simu ya kupigiwa usiku.

Alasiri ikawa ya usafirishaji. Kadi ya uamuzi inasema: "Ikiwa hospitali iko chini ya dakika 30, safirisha, zaidi ya hapo, wasiliana." Kadi hiyo inafaa Malindi mjini. Kwa mtu wa Pate haina maana, kwa sababu muda wa safari yake hautegemei kilomita. Maji yakiwa yamekupwa, boti haifiki Pate mjini. Inabidi mgonjwa apelekwe gati la Mtangawanda kwa pikipiki au kwa kubebwa, ndipo apakiwe. Maji hubadilika mara mbili kwa siku na saa zake husogea kwa kadiri ya dakika 50 kila siku, kwa hiyo kadi inayosema jambo moja kwa wiki nzima itakosea. Tunapendekeza swali la kwanza la kadi liwe "maji yako wapi sasa, na saa tatu zijazo yatakuwa wapi?"

Mengine ambayo kozi haikuyagusa, na kila mmoja anayefanya kazi majini anayahitaji:

Mofini itolewe dakika 30 hadi 60 kabla ya kuondoka, kwa sababu dawa ya mdomo huhitaji muda huo kufika, na mpigo wa kwanza wa wimbi hausubiri. Mgonjwa alazwe nyuma, karibu na tezi, wala si omo, kwa kuwa omo ndiyo inayoinuka na kupiga maji. Wakati wa kusi godoro moja halitoshi. Mtungi wa oksijeni uhesabiwe kabla ya kung'oa nanga: mtungi wa lita 340, kwa mwendo wa lita 4 kwa dakika, unakwisha baada ya dakika 85, kwa lita 10, baada ya dakika 34. Injini humeza sauti, basi yote ya kuambiwa familia yasemwe nchi kavu, na majini ibaki mkono juu ya mkono.

Ngazi za nyumba za mawe hazina nafasi ya kugeuza machela. Mazoezi yalifanyika ukumbini, sakafu tambarare. Shuka la kubebea lenye vishikio sita, miguu ikitangulia wakati wa kushuka ili kichwa kibaki juu, hupita pale ambapo machela haiwezi, na watu wanne waliozoezwa wanatosha. Zoezi lifanyike katika ngazi halisi ya ghorofa mbili, na sanamu la mazoezi litiwe uzito wa mtu.

Na kubwa kuliko yote: akifariki njiani? Kozi iko kimya. Familia ya Faza, kisiwani Pate, inayompakia baba yao saa kumi za alfajiri huenda haijafikiri kwamba akifariki katikati ya mlango wa bahari, boti ikiendelea hadi Amu, mwili utasubiri maji na boti ya pili ya kurudi, na mazishi yatapita siku. Swali hili liulizwe gatini, kabla injini haijawashwa, kwa upole na bila kuzunguka: "Mwenyezi Mungu akimchukua njiani, mnataka turudi au tuendelee?" Jibu liandikwe. Wahudumu wenye jibu hilo mkononi hawatagombana juu ya maji na watu waliofiwa dakika moja iliyopita.

Dakika ishirini za mwisho zilikuwa za wahudumu wenyewe, jinsi ya kuzungumza na mwenzako baada ya kifo, na zilianza wakati watu wameshabeba mikoba wakiwahi boti ya Mokowe. Zihamishwe asubuhi ya siku ya pili.

Anayetaka kupeleka watu: peleka wawili wa timu moja, kwa sababu anayerudi peke yake hushindwa kumshawishi mwenzake asibonyeze kifua. Wakumbushwe baada ya miezi sita, maana stadi za mikono hufifia mapema. Na mwaliko wa mafunzo unawataja wauguzi, wahudumu wa dharura na madereva. Nahodha hatajwi, naye ndiye anayeamua boti iende kasi gani, ing'oe nanga lini, na igeuke wapi familia ikisema turudi. Darasa lisiongezwe, ila yeye apewe kiti cha 17 kwa siku ya tatu pekee.